Mguu wa Mama na Mlango wa Land Rover

Mama alishika kishikio cha mlango, akanyanyua mguu wa kulia, akaurudisha chini. Akajaribu tena. Nilikuwa nyuma yake kwenye maegesho ya Hospitali ya Bombo hapa Tanga, mkono mmoja mgongoni kwake, mwingine umebeba magongo. Mara ya tatu akanigeukia. "Mwanangu, niitie bajaji."

Bajaji ikampeleka hadi kwetu Chumbageni, nami nikaifuata taratibu na Land Rover tupu. Nilikuwa na gari linaloweza kupanda mlima wowote wa Usambara, na mama yangu hakuweza kulipanda.

Hiyo ilikuwa Februari. Mama ana miaka 74. Alianguka akiteremka shambani Mtae, kijijini kwetu milimani, akavunjika nyonga, akaletwa Tanga kutibiwa, na tangu hapo anaishi nasi. Kuhusu magari nilikuwa nimeshaanza kujiuliza lipi kati ya mawili tuliuze hata kabla ya hapo, maana kulisha magari mawili ya dizeli kwa mshahara mmoja na kiduka kimoja ni mzigo, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei mpya za mafuta, mke wangu na mimi huangaliana bila kusema kitu. Lakini nilikuwa naahirisha. Baada ya siku ile ya bajaji sikuweza kuahirisha tena.

Magari yenyewe ni haya. La kwanza ni ile Land Rover, Defender 110 ya mwaka 1997, injini ya 300Tdi, ambayo marehemu baba aliinunua kwenye mnada mradi mmoja wa misitu ulipokuwa unafunga shughuli zake. La pili ni Toyota Prado ya mwaka 1999, dizeli ya lita 3, gia otomatiki, tuliyoinunua 2019 kitinda mimba wetu alipozaliwa na ikawa wazi kwamba watoto watatu, mabegi yao na bibi yao hawawezi kukaa kwa usalama kwenye gari la babu yao. Tuliinunua kama gari la mke wangu. Land Rover ikabaki yangu, au tuseme ikabaki ya baba, na mimi mtunzaji.

Baba alikuwa bwana shamba. Ujanani aliendesha Land Rover 109 ya serikali, ile yenye springi za vyuma bapa vilivyopangana, gari lililokuwa likimpiga mgongo hadi uzeeni akilalamikia kiuno. Alipopata 110 yenye springi za koili alituita sote uani, akatueleza kwamba namba zile ni inchi: kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Akaleta utepe wa fundi cherehani tukapima. Nilikuwa mtu mzima tayari, lakini niliinama nikashika upande wangu wa utepe.

Aliacha pia daftari, nami nimeendelea kuliandika. Kila safari imeandikwa: tarehe, kilomita, dizeli, nani alipanda, kitu gani kiliharibika. Mistari mingine inasema tu "Mzazi, usiku, hadi Lushoto." Kijiji kizima kilijua mlango wa kugonga saa nane za usiku. Kuna mstari wa mwaka 2006, mwezi wa nne, unaosema "Mvua kubwa. Saa 7 Mtae–Lushoto. Mtoto salama." Njia hiyo siku za kiangazi huchukua saa mbili hivi, na watu wasioijua hudhani naongeza chumvi ninapowasomea.

Watu wa tambarare wanaoijua Lushoto kwa barabara ya lami kutoka Mombo, ile inayojipinda kando ya mto hadi Soni na kuendelea hadi mjini, hudhani huko ndiko mwisho wa milima. Ukitoka Lushoto ukapita Magamba, ukaendelea Lukozi na mbele hadi Mtae, unaingia dunia nyingine. Udongo ni mwekundu, mfinyanzi. Kiangazi ni vumbi linaloingia hadi kwenye meno. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ule udongo unakuwa sabuni. Upande mmoja una ukuta wa mlima, upande wa pili unaona vilele vya miti iliyoota chini sana. Huko ndiko Land Rover ile ilikokuwa na maana.

Niseme kwa nini, kwa sababu nimesikia watu wakibishana kijiweni kuhusu Land Rover na Toyota kama wanavyobishana Simba na Yanga, bila kuchungulia chini ya gari. Defender ina ekseli nzima ya chuma mbele na nyuma, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, ekseli inainama yote, na lile la kulia linasukumwa chini likatafute ardhi. Prado yetu nyuma iko hivyohivyo, lakini mbele kila gurudumu linajitegemea. Hilo ni zuri sana kwenye lami, usukani unatulia, abiria hawarushwi. Kwenye korongo, gurudumu la mbele hubaki hewani mapema zaidi. Jambo la pili ni umeme. Pampu ya dizeli ya 300Tdi ni ya makanika tupu. Injini ikishawaka, kinachohitajika kuiacha iendelee ni waya mmoja tu unaofungua mafuta kwenye pampu. Prado inaongozwa na kompyuta. Fundi wa Lukozi mwenye spana nne na bisibisi anaweza kukurudisha nyumbani na Land Rover. Kwa Prado atakusikitikia na kukupa kiti.

Hizo ndizo hoja za kwetu milimani, na sijaacha kuziamini. Ila nilizikariri nikiwa naishi Mtae. Sasa naishi Tanga, na bahari nayo ina hoja zake.

Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza, Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Baba alipenda kuigonga madigadi ya gari kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hili halili kutu." Kweli halili. Kinacholiwa ni kilicho chini yake. Chasisi, fremu inayobeba gari zima, ni chuma. Ukuta unaotenga injini na dereva ni chuma. Na pale alumini inapogusana na chuma kukiwa na unyevu wa chumvi, hata alumini yenyewe huliwa mbio kuliko ikiwa peke yake. Milimani gari lile lilikaa miaka yote bila doa. Nimelileta Tanga baba alipofariki mwaka 2015, nikaliegesha mwendo mfupi kutoka baharini, na upepo wa kusi ukafanya kazi yake usiku na mchana huku mimi nikiosha bodi kila Jumamosi na kufurahia inavyong'aa.

Machi nililipeleka kwa fundi wangu wa siku zote. Alilala chini ya gari, akaomba bisibisi. Nikasikia anagonga: to, to, to, sauti ya chuma kigumu, kisha sauti ikabadilika. Akaniita nilale naye. Kwenye boriti ya nyuma, ile inayobeba bampa na ndoano ya kuvutia, bisibisi ilizama kama kwenye papai. Akaitoa, akaipeleka mbele kidogo, ikazama tena. "Kaka, tumeshachomelea hapa mara mbili," alisema. "Sasa hakuna chuma cha kuchomelea."

Chasisi mpya, ya chuma kilichozamishwa kwenye zinki, hutengenezwa hadi leo huko Uingereza. Nilipiga hesabu ya kuinunua, kuisafirisha, kuilipia ushuru, na wiki kadhaa za gereji. Niliifunika ile karatasi na kuiweka chini ya daftari la baba.

Bado sikuwa nimeamua. Usiku ule mke wangu alinikuta sebuleni na daftari. Ni mtu asiyepandisha sauti. Alikaa, akaniambia, "Baba watoto, nikuulize kitu kimoja. Siku ukifunga breki kwa ghafla, yule mdogo aliyekaa nyuma anashikiliwa na nini?"

Nyuma ya 110 yetu kuna mabenchi mawili ya ubavu, yanatazamana. Hayana mikanda. Hata ukifunga mkanda kwenye benchi la namna ile, mwili unarushwa kwa upande, kiunoni na shingoni, siyo kifuani ambako mkanda umekusudiwa kushika. Kiti cha mtoto hakifungiki hapo. Land Rover wenyewe waliyaondoa mabenchi hayo kwenye Defender za mwaka 2007 na kuweka siti zinazotazama mbele, na sheria za Ulaya zilikuwa na mkono katika hilo. Mifuko ya hewa Defender ile haikuwahi kupata hadi uzalishaji wake ulipofungwa Solihull tarehe 29 Januari 2016. Sisi tulikua tumekaa kwenye mabenchi ya namna ile tukiimba, magoti yakigusana, na hakuna aliyeumia. Kwa miaka mingi niliichukua bahati ile nikaiita ushahidi.

Sikuwa na jibu la kumpa mke wangu. Nilimwambia ukweli: hashikiliwi na kitu.

Kuna jamaa walionishauri njia ya tatu: uza yote mawili, nunua Land Cruiser moja, ile ndefu ya mizigo na abiria, ya injini ya 1HZ. Nilivutiwa sana. Ni injini ya lita 4.2, silinda 6, haina turbo, na kila hospitali ya misheni na kila idara ya serikali imeshawahi kuwa nayo, kwa hiyo spea na mafundi wapo hadi vijijini. Nikaenda kuitazama moja kwenye yadi. Nilifungua milango ya nyuma: mabenchi ya ubavu, yanatazamana. Mbele milango miwili tu. Sakafu iko juu vilevile. Ningekuwa nimehamisha matatizo yangu yote kutoka gari moja kwenda jingine na kulipia pesa juu yake. Kuhusu kuagiza jipya zaidi kutoka nje, bei yake sisi hatuifikii, na lile tunaloweza kulifikia lina umri ambao, ukivuka miaka 8, ushuru wa uchakavu unaongezwa juu ya mengine yote.

Kwa hiyo yakabaki mawili, nami nikafanya kitu ambacho ningepaswa kufanya mwanzoni. Niliketi na daftari nikahesabu. Mwaka mzima uliopita Land Rover ilitembea kilomita 6,240. Safari za Mtae zilikuwa 5. Kati ya hizo, 2 zilikuwa za mvua. Siku nyingine zote ilikwenda shuleni, sokoni Mgandini, kanisani, dukani kwetu, na kwa fundi. Kwa fundi ilikwenda mara 14. Niliandika 14 pembeni nikaizungushia duara. Kwa mafuta hayakuachana sana: Land Rover inakwenda kama kilomita 9 kwa lita, Prado 8. Mtu asidanganyike kwamba Prado ile ni ya bei nafuu kuendesha.

Nikachukua pia utepe. Sakafu ya mlango wa mbele wa Land Rover iko zaidi ya sentimita 60 kutoka chini, na hakuna pa kukanyaga kabla yake. Prado ina ngazi ya ubavuni, sentimita 40 na ushee, na kishikio kirefu kwenye nguzo ya mlango. Daktari wa mazoezi alikuwa amemwambia mama apande ngazi kwa mguu mzima kwanza, ateremke kwa ule mgonjwa kwanza. Kwenye ngazi ya Prado aliweza, mimi nikiwa nimesimama tu. Naweza kufunga ngazi kwenye Land Rover, najua, zinauzwa. Ila kitakachofungiwa ngazi hiyo ni chasisi ile ile inayozamisha bisibisi.

Lililobaki lilikuwa hofu yangu moja: je, Prado itafika Mtae masika? Nisingeuza gari la baba kwa kukisia. Wiki ya tatu ya Aprili, mvua ikiwa inanyesha kweli, niliondoka Tanga alfajiri na kifungua mimba wangu, kijana wa miaka 16 ambaye hakutaka kabisa Land Rover iondoke na alikuja akitumaini Prado itashindwa. Alinieleza hivyo waziwazi, na nilimheshimu kwa hilo.

Segera, Korogwe, Mombo, Soni, hakuna la kusimulia. Kati ya Mombo na Soni udongo ulikuwa umeporomoka sehemu mbili, vijana wa barabara wanausukuma. Magamba ilikuwa ndani ya ukungu. Mbele ya Lukozi kuna kona moja inayopanda ikiwa imeinamia bondeni, na hapo nilifunga difu ya kati ili ekseli za mbele na nyuma zizunguke pamoja, nikaweka gia ndogo, nikapanda polepole. Katikati ya kona gurudumu la mbele la kushoto likaingia kwenye mfereji uliochimbwa na magari ya mboga, la kulia likapungukiwa uzito, na gari likaanza kuserereka kuelekea ukutani, namshukuru Mungu siyo bondeni. Likasimama. Tairi zangu zilikuwa za lami, nilijua, na ni kosa langu.

Tulikaa pale dakika 40. Vijana wanne walikuja na majembe, tukakata ukingo wa mfereji, tukatandika matawi na mawe. Wakati tunafanya kazi ile Land Rover moja kuukuu, mgongoni imebeba magunia ya viazi na watu wanane juu ya magunia, ilitupita upande wa juu wa kona ikiunguruma, haikusimama hata kidogo. Mwanangu alinyoosha mgongo akaitazama hadi ilipopotea. Hakusema kitu, na mimi sikusema.

Prado ikatoka. Tukafika Mtae saa nane mchana. Baba mdogo alituuliza tumepitaje, tukamweleza, akacheka, akatuchemshia chai ya tangawizi. Kurudi nilishuka siku ya pili baada ya jua la asubuhi kukausha njia, na hatukupata shida yoyote. Hilo nalo ni sehemu ya jibu: mama haendi Mtae saa nane za usiku tena, wala mimi siendeshi wazazi wenye uchungu. Siku hizi tunachagua siku. Na kazi ya usiku ile aliyokuwa akifanya baba, pikipiki na gari la wagonjwa vimeichukua, vizuri au vibaya.

Jumapili iliyofuata tulimwambia mama. Nilijiandaa kwa machozi. Aliniuliza, "Kwani sasa hivi linafanya kazi gani?" Nikamwambia linapeleka watoto shule. Akanyamaza, akavuta kanga begani. "Baba yako angekasirika," alisema. "Si kwa kuliuza. Kwa kuliozesha baharini."

Mnunuzi alipatikana kupitia mtoto wa baba mdogo: mfanyabiashara wa kabichi na karoti anayekusanya mboga Lukozi. Dalali mmoja wa mjini alikuwa ameshaniahidi bei kubwa zaidi, akanishauri nipake rangi nyeusi chasisi yote kabla ya mteja kuja. Sikufanya. Mfanyabiashara alipofika nilimpa tochi na bisibisi, nikamwonesha mwenyewe pa kugonga. Alikaa chini ya gari muda mrefu. Alipotoka alipunguza bei sana, na nilikubali, kwa sababu alinieleza atakachofanya: ana fundi wa kuchomelea Lushoto ambaye atakata kipande chote cha nyuma na kukijenga upya kwa chuma kinene, kisha atafunga bodi ya mizigo. Hatabeba watoto wa mtu nyuma. Kule juu hakuna chumvi. Huenda likaishi kuliko lingeishi kwangu.

Kabla hajaondoka nilimweleza mambo mawili. Tairi ya akiba ile ina kiraka. Na maji: hedi ya 300Tdi, kile kifuniko cha juu cha injini, ni ya alumini, gari likichemka mara moja hedi inapinda, kwa hiyo atazame kila asubuhi chini ya pampu ya maji, pale kwenye gaskiti ya nyuma yake panapopenda kuvuja kimyakimya, na mkanda wa taimingi abadilishe kabla ya msimu. Alisikiliza lote ingawa nadhani alikuwa anajua. Mwanangu ndiye aliyemkabidhi ufunguo. Alikuwa ameomba kubaki na ule mpira mweusi wa juu ya kijiti cha gia, uliochakaa kwa kiganja cha babu yake, na mnunuzi akamfungulia mwenyewe.

Daftari la baba limebaki ndani ya nyumba yetu, mstari wa mwisho una kilomita za siku ile. Nimenunua jingine kwa ajili ya Prado. Ukurasa wa kwanza una orodha: tairi nne zenye meno, tayari, kamba ya kuvutia na jembe fupi, tayari, shokapu za nyuma, bado, rejeta, bado. Injini hii nayo ina hedi inayojulikana kwa kupasuka ikipata joto kali, tena kwa Prado hii ni ugonjwa unaojulikana zaidi kuliko ule wa Land Rover, na kupanda kutoka Mombo na familia nzima ndani ndipo joto linapopanda. Jumamosi naipeleka rejeta ikafunguliwe na kusafishwa ndani na nje. Mama anataka kwenda Mtae kabla ya mvua za vuli kuangalia maharage yake, na ameshasema atakaa mbele.